Kusamehe si Kusema Hakuna Neno



Vikundi vingi huvunjika kwa sababu ya kinyongo, si kwa kukosa pesa. Mtu alikosewa mwaka juzi, akanyamaza, akaweka moyoni. Sasa kila mkutano anapinga lolote linalosemwa na yule mwenzake. Tulitazame jambo hili kwa mfano mzito wa Nairobi, halafu turudi kwetu.

Yaliyotokea Nairobi

Ijumaa, 7 Agosti 1998, mwendo wa saa nne na nusu asubuhi, bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue. Jengo la jirani, Ufundi House, liliporomoka. Watu 213 walikufa na zaidi ya 4,000 waliumia. Wengi walipofuka: walisikia mlio wa kwanza wakakimbilia dirishani kutazama, na vioo vikawapata machoni. Halafu tarehe 21 Septemba 2013, huko Westlands, magharibi mwa mji, wenye bunduki waliingia Westgate wakaua watu 67.

Sasa je, aliyepofushwa hivyo tumwambie tu, "Samehe, yaishe"? Hapana. Kwanza tuelewe kusamehe si nini.

1. Si kusahau. Pale ubalozi ulipokuwa pana bustani ya ukumbusho, na majina ya waliokufa yameandikwa. Mkristo anaweza kwenda pale akalia, na bado awe amesamehe.

2. Si kuzuia sheria. Mwaka 2001 korti ya New York iliwafunga maisha watu wanne kwa mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 2020 korti ya Nairobi iliwafunga wawili kwa mambo ya Westgate. Katika Warumi 12 Paulo anatukataza kulipiza kisasi, maana hiyo ni kazi ya Mungu. Sura ya 13 inaonyesha kwamba wenye mamlaka wamepewa kazi ya kumwadhibu mwovu. Kisasi ni kingine: hakitafuti mwenye kosa, humpiga aliye karibu, wa dini ile au kabila lile. Na bomu la 1998 liliua Wakristo na Waislamu pamoja.

3. Si jambo la siku moja. Petro aliuliza kama mara saba zatosha; Yesu akamwambia sabini mara saba (Mathayo 18). Pengine ni kosa lile lile moja linalokurudia usiku. Likirudi, unamkabidhi Mungu tena.

Katika kikundi chenu

- Mwendee aliyekukosea, nyinyi wawili tu, kabla ya kumfikia mwenyekiti (Mathayo 18:15).
- Litaje kosa lenyewe. Usizunguke.
- Deni lilipwe. Kusamehe moyoni hakufuti hesabu ya kikundi. Mkikubaliana kumfutia mtu, mwandike kitabuni.
- Msimlazimishe aliyeumizwa kusema "nimesamehe" mbele ya watu. Mwombeeni, mpeni muda.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni kosa gani la zamani ambalo bado linatugawanya?
2. Tumewahi kumlaumu mtu kwa kosa la jamaa yake?
3. Nani atakwenda kumwona mwenzake kabla ya mkutano ujao?

Hasira hasara, ndugu zetu. Mungu awape amani.