Spika ya tarumbeta sebuleni: sauti hai isiyoumiza masikio ya watoto

Masasi. Minada ya korosho inapoanza kila Oktoba na malipo kuingia kwa wakulima wa Masasi na Newala, redio na spika huwa miongoni mwa vitu ambavyo familia hufikiria kununua. Mara nyingi inayochaguliwa ni ile inayotikisa duka. Ikifika nyumbani, kuta zinatetemeka lakini maneno ya mwimbaji hayasikiki vizuri, hivyo baba anaongeza sauti. Mtoto mdogo amekaa chini, nusu mita kutoka kwenye boksi.

Kwa familia inayotaka muziki unaosikika kama mwimbaji yupo chumbani, ipo njia nyingine: spika ndogo yenye tarumbeta. Uzuri wake ni kwamba inasikika vizuri hata ikipigwa kwa sauti ya chini. Hilo ndilo linalomhusu mzazi.

Tarumbeta inafanya nini

Mtu akitaka kumwita mwenzake aliye ng'ambo ya bonde, hukusanya viganja mdomoni. Nguvu ya koo haijaongezeka, ila pumzi imepata njia nzuri ya kutoka. Tarumbeta ya spika hufanya kazi hiyohiyo. Kiwambo kidogo kilicho nyuma yake husukuma hewa kwenye mdomo mwembamba unaopanuka taratibu, na mtikisiko mdogo unatoa sauti kubwa.

Ndiyo maana gramafoni za zamani ziliweza kujaza chumba bila umeme. Santuri za Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alirekodiwa Bombay, India, na kampuni ya HMV, zilipigwa kwa mashine za aina hiyo: sindano, kiwambo na tarumbeta, bila amplifaya.

Spika ya kawaida ya nyumbani, ikipewa wati 1 ya umeme, hutoa takriban desibeli 85 hadi 90 kwa umbali wa mita 1. Ya tarumbeta inaweza kufika 100 au zaidi. Tofauti ya desibeli 12 maana yake ni kwamba spika ya kawaida ingehitaji umeme mara 16 ili kufikia sauti ileile. Kwa nyumba inayotumia sola, hiyo ni akiba kubwa. Na kwa kuwa kiwambo hakilazimiki kuhangaika, pigo la ngoma ya sindimba hutoka kavu na kwa wakati wake, kama mkono juu ya ngozi.

Si ile ya kwenye mti

Tarumbeta za matangazo, kama zile zinazofungwa juu ya magari na majengo, hazifai sebuleni. Zimetengenezwa ili maneno yafike mbali, na nyingi hazitoi besi.

Besi ndiyo inayofanya tarumbeta kamili kuwa kubwa. Wimbi la sauti nzito ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, na tarumbeta ya kulibeba ingechukua nafasi kubwa ya chumba. Mhandisi wa Marekani, Paul Klipsch, alitatua tatizo hilo mwaka 1946 kwa kutengeneza spika inayowekwa kwenye kona, ili kuta ziendeleze tarumbeta. Mwaka 1957 kampuni yake ilitoa ndogo zaidi, Heresy, yenye tarumbeta kwa sauti za kati na za juu, huku besi ikitolewa na spika ya kawaida ndani ya boksi.

Mpangilio huo ndio wa kutafuta. Si lazima liwe jina hilo, kwani ni la bei kubwa. Maboksi mengi ya kumbi na sherehe yana tarumbeta fupi juu na spika ya inchi 8 au 10 chini. Jozi ndogo, hata iliyotumika, inaweza kutosha sebuleni.

Kabla ya kulipa

Namba kubwa ya wati iliyoandikwa PMPO isikushtue. Haielezi nguvu halisi. Uliza wati za RMS, na kama kuna karatasi ya maelezo, angalia desibeli kwa wati 1.

Nenda dukani na wimbo mnaoujua vizuri nyumbani. Omba upigwe kwa sauti ya chini, kiasi cha watu kuzungumza bila kupaza. Kama maneno yanasikika wazi na ngoma bado ina uhai, hiyo ni spika nzuri. Kama inapendeza tu ikifunguliwa sana, iache. Herufi "s" zikichoma masikio, iache pia: plastiki yenye umbo la tarumbeta inaweza kuwa urembo tu.

Masikio ya mtoto

Hapa panahitaji uangalifu. Mtu aliyezoea kuzungusha kitufe hadi nusu atashtuka, kwani nusu hiyohiyo kwenye spika ya tarumbeta ni kelele.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asizidishe saa 40 kwa wiki za kusikiliza sauti ya desibeli 75. Kwa mtu mzima ni desibeli 80. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, sauti ya desibeli 90 humwachia mtoto saa 1 na robo tu kwa wiki nzima. Seli za kusikia ndani ya sikio zikifa, haziotiwi nyingine.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenzako, pale watoto wanapokaa. Mkilazimika kupaza sauti ili msikilizane, punguzeni.

Tarumbeta hurusha sauti mbele kama tochi inavyorusha mwanga. Iweke juu ya meza au stendi, usawa wa masikio ya mtu mzima aliyekaa, ielekee viti vilivyo mita 2 au 3 mbele. Isielekezwe kwenye kitanda cha mtoto wala mkeka anapochezea. Weka alama ya rangi kwenye kitufe cha amplifaya, na kila mtu nyumbani ajue kuwa hapo ndipo mwisho.

Mtoto akianza kuomba arudiwe maneno, kusogelea redio kila mara au kusema masikio yanapiga mlio, apelekwe kituo cha afya akapimwe. Asisubiriwe hadi mwalimu aseme hasikii darasani.