Kompyuta ya mtumba na programu za bure zilizo halali

Kompyuta nyingi zinazonunuliwa na wakazi siku hizi ni za mtumba. Muuzaji humhakikishia mteja kwamba kila kitu kimo ndani: Windows, Microsoft Office, hata programu ya kuhariri picha. Asichomwambia ni kwamba mara nyingi programu hizo zimefunguliwa kwa "kreki", yaani kijiprogramu kinachovunja kufuli ya leseni. Kreki nyingi hazifanyi kazi mpaka mwenye kompyuta azime kinga dhidi ya virusi. Akishaizima, hana tena njia ya kujua ni nini kingine kilichoingia pamoja nayo.

Hasara yake haionekani siku hiyo. Mweka hazina wa chama huandika humo hesabu za wanachama, mwenye duka huingia kwenye eCitizen na iTax, naye mwalimu hutunza alama za wanafunzi wake. Wote hawa hupiga nywila zao kwenye kibodi ileile. Kuna virusi vinavyonakili kila herufi inayobonyezwa na kuituma kwa mwizi, na vingine hufunga faili zote kisha vikadai pesa ili zifunguliwe. Isitoshe, kutumia programu iliyonakiliwa bila leseni ni kuvunja sheria. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huweka programu za kompyuta katika kundi moja na vitabu, na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ndiyo inayoisimamia.

Mkazi asiye na pesa za leseni hana haja ya kuiba. Zipo programu huria, ambazo waliozitunga wameruhusu kila mtu azitumie, azinakili na kuwagawia wengine bila malipo. Maana yake ni kwamba hata kuichukua kwenye flashi ya jirani si kosa, jambo linalookoa bando si haba.

Ya kwanza kwa manufaa ni LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010 na inayosimamiwa na wakfu wenye makao yake Berlin, Ujerumani. Ndani yake mna Writer ya kuandika barua na wasifukazi, Calc ya majedwali ya hesabu na Impress ya maonyesho ya slaidi. Hufungua faili za Word na Excel. Ina uzito wa takriban MB 350, hivyo ni afadhali kuipakua mahali penye Wi-Fi ya umma. Baada ya hapo haihitaji intaneti.

Wanaohamia LibreOffice hukwama sana sana mahali pamoja. Programu hii huhifadhi faili kwa muundo wake yenyewe, wa ODT, na anayepokea kwa Word huenda akaona mistari imehama au jedwali limevurugika. Dawa ni kuchagua muundo wa Word (DOCX) wakati wa kuhifadhi, iwapo mpokeaji atahitaji kuihariri faili hiyo. Kama ni barua ya kuomba kazi au stakabadhi za zabuni, ambazo hazipaswi kubadilishwa, itumwe kama PDF; LibreOffice ina kitufe cha kufanya hivyo moja kwa moja. Wanaojaza fomu ya KRA nje ya mtandao nao wasiwe na wasiwasi, kwani iTax imekuwa ikitoa fomu kwa muundo wa Excel na pia wa ODS, ambao ndio wa Calc. Wasisubiri tu Juni 30 usiku.

Je, ina upungufu? Ndiyo. Majedwali ya Excel yenye makro nyingi, kama yale ya baadhi ya wahasibu, hayafanyi kazi vizuri humo. Wengine hulalamika kwamba sura yake ni ya kizamani. Hilo la pili si hoja nzito: kwenye menyu ya mwonekano kuna mpangilio wa vichupo unaofanana na ule wa Office ya sasa.

Kuhusu virusi, Windows 10 na Windows 11 huja na kinga yake, Microsoft Defender, bila malipo ya ziada. Kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani inatosha, mradi isizimwe na kompyuta ipokee masasisho. Kwa video na muziki kuna VLC, iliyoanza kama mradi wa wanafunzi karibu na Paris na ambayo hucheza karibu kila aina ya faili. Kwa kubana mafurushi ya ZIP na kufungua ya ZIP na RAR kuna 7-Zip, isiyofika hata MB 2. Hizo mbili hazina maelezo mengi. Zinafanya kazi yake na basi.

Mbili nyingine hazizungumziwi sana, ingawa zinastahili. NVDA, iliyotoka Australia, humsomea kwa sauti mtu asiyeona maandishi yaliyo kwenye skrini. Programu za kulipia za kazi hiyo hushinda uwezo wa familia nyingi, lakini hii ni bure. Kiwix nayo huhifadhi Wikipedia kwenye kompyuta, ya Kiswahili ikiwemo, ili isomwe bila intaneti. Shule isiyo na mtandao inaweza kuletewa kwa flashi.

Linalobaki ni Windows yenyewe. Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa wanaojiandikisha wameongezewa muda wa masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Kompyuta yenye Windows 10 haizimiki, ila kwa asiyejiandikisha nyufa mpya zikigunduliwa hazizibwi. Windows 11 nayo hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ya karibuni. Zile za Intel za kabla ya kizazi cha 8 kwa kawaida hazikubaliwi. Vipakatalishi vingi vya mtumba viko katika kundi hilo.

Vipakatalishi hivyo havijawa takataka. Linux Mint ni mfumo endeshi wa bure unaotosheka na kumbukumbu ya GB 2, japo GB 4 ni bora, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Umejengwa juu ya Ubuntu, mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina hilo Mswahili hahitaji kufasiriwa: ni utu. LibreOffice na kivinjari cha Firefox huja tayari ndani yake. Unaweza pia kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilicho kwenye diski, kwa hivyo mtu huujaribu kwanza, akaangalia kama Wi-Fi na printa yake vinaukubali. Anayetegemea programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows pekee asihamie kabla ya kujaribu.

Tahadhari ni mahali pa kupakulia. Anayetafuta "VLC bure" mtandaoni huweza kuletewa kwanza matangazo, na baadhi yake huelekeza kwenye kurasa za matapeli. Ni salama zaidi kuandika anwani yenyewe: libreoffice.org, videolan.org, 7-zip.org, nvaccess.org, kiwix.org na linuxmint.com. Nyingi ya tovuti hizi huomba mchango wa hiari, lakini hazimzuii asiyetoa. Ukurasa unaodai malipo kabla ya kupakua, au unaomwambia mtu azime kinga ya virusi, ufungwe mara moja.

Kabla ya kuondoa chochote, faili zote muhimu zinakiliwe kwenye flashi au diski ya nje, na nakala hiyo ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha inasomeka. Kusakinisha Linux mahali pa Windows hufuta diski nzima. Kwa chama, nakala ya pili ya hesabu ikae kwa katibu, si kwenye mkoba uleule wa kipakatalishi. Aliyekuwa akitumia kreki abadilishe pia nywila za barua pepe, iTax na eCitizen, akitumia simu au kompyuta nyingine aliyo na hakika nayo.