Tuta la Tatu Nalipanda kwa Mshazari

Kutoka getini kwangu Mbezi Beach hadi Barabara ya Bagamoyo kuna matuta manne, na la tatu ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Lilijengwa na wakazi wenyewe kwa saruji na koleo, baada ya bodaboda kumgonga mtoto aliyekuwa akitoka dukani. Ni jembamba na limeinuka kama nundu ya ng'ombe. Nikilikaribia naweka gia ya kwanza, nausogeza usukani kulia, tairi la mbele la kushoto linapanda peke yake, linafuata la kulia, kisha ya nyuma moja moja. Nikilikabili usoni, bampa inakwaruza. Juu ya saruji kuna mikwaruzo mingi ya magari ya watu, na ule wenye rangi ya fedha ni wangu, wa wiki ya kwanza.

Gari lenyewe ni Porsche 911 Carrera ya 2006. Mimi ni mfamasia, na nililiwekea akiba miaka 11. Nililiagiza Japani likiwa limetumika, kwa kuwa huko nako usukani uko kulia. Watu huuliza bei ya gari na kusahau kodi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, juu yake ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2000, na yangu ni 3600. Ukaongezeka ushuru wa uchakavu kwa sababu ya umri, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote. Lilipotoka bandarini, kodi ilikuwa imeifikia bei ya gari na kuipita kidogo. Anayetamani gari la aina hii na aanze na hesabu hiyo kabla ya kuchagua rangi.

Mapenzi haya nimeyarithi. Baba alikuwa karani wa shamba la mkonge Korogwe enzi ambazo Safari Rally ilikuwa bado ikipita Tanzania. Mashindano hayo yalianza 1953, mwaka wa kutawazwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Porsche 911 ilishika nafasi ya pili mara tatu: 1972 ikiendeshwa na Sobiesław Zasada wa Poland, 1974 na Björn Waldegård wa Sweden, 1978 na Vic Preston Jr wa Kenya. Ushindi haikuupata kamwe. Mpaka 2011 ndipo Waldegård yule yule, sasa mtu mzima mwenye mvi, alipoibuka mshindi na 911 katika Safari Classic, mbio za magari ya zamani. Baba alikuwa akituhesabia nafasi hizo za pili kama mtu anayehesabu madeni.

Magari ya 1978 yaliinuliwa hadi sentimita 28 kutoka ardhini. Langu halifiki nusu ya hapo, na lina sababu yake. Gari likikaa chini, uzito wake unakaa chini, na kwenye kona halilali ubavu. Injini iko nyuma kabisa, silinda sita zimelala, tatu kila upande. Uzito ule unayakandamiza matairi ya nyuma, kwa hiyo ukikanyaga mafuta linashika lami na kuondoka bila kuteleza. Lakini injini ikiwa nyuma, rejeta ziko mbele, kwenye pembe mbili za bampa, ndani ya yale matundu yanayoonekana kama pua. Pua hizo huvuta kila kinachopeperuka barabarani. Mara ya kwanza fundi alipofungua bampa, tulitoa majani ya mwarobaini yaliyooza, vipande vya mifuko, manyoya ya kuku na mchanga uliolowa. Takataka hizo zikikaa na unyevu na chumvi ya bahari, rejeta inatoboka taratibu bila mwenye gari kujua. Sasa tunafungua kila baada ya miezi mitatu, na naona hiyo ni kazi muhimu kuliko kubadili oili.

Jambo la pili ni matairi. Ya mbele yana upana wa milimita 235, lakini ubavu wake, kutoka lami hadi kwenye rimu, ni 94 tu. Mpira huo mchache ndio kinga pekee kati ya shimo na rimu. Njiani kwenda Morogoro nilitumbukia shimo lililojaa maji ya mvua, na ubavu ukapasuka. Kijana wa pancha alifungua buti ya mbele, akainua zulia, akanitazama. "Mama, spea iko wapi?" Haipo. Gari lilikuja na chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme. Gundi inaziba tundu la msumari, mpasuko wa ubavuni haiuwezi. Gari lilipandishwa kwenye lori la kubebea magari, na tairi jipya nililisubiri wiki tatu kutoka Dubai.

Basi raha iko wapi, wakati mjini mwendo ni kilomita 50 kwa saa na trafiki wana tochi? Gia ya pili peke yake inapita kilomita 100. Wapo wanaokwenda kuzitafuta kasi hizo usiku katikati ya mji, kwenye barabara zenye watu wanaotembea kwa miguu, na hilo nalichukia. Raha yangu iko mikononi. Usukani wa gari hili ni wa haidroliki, na kila lami inayopita chini naisikia kwenye viganja: mifereji iliyochimbwa na malori, rasta, mchanga uliopeperuka kutoka ufukweni. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Daraja la Tanzanite likiwa tupu, kwa kilomita 45 tu, ninajua matairi ya mbele yanafanya nini kama vile nimeyashika.

Mwaka jana Baba alikuja Dar kutibiwa magoti. Kuingia kulichukua dakika tano, akishika mlango kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine. Nilipowasha, aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Siyo sauti ile," alisema.

Nikamweleza kwamba injini za zamani zilipozwa na hewa, na kwamba tangu mwisho wa miaka ya 1990 zinapozwa na maji, ndiyo maana mlio umelainika. Akaitikia, mikono juu ya magoti. Tulipanda tuta la tatu kwa mshazari, tairi moja moja, na upande wa pili akaniambia nigeuze, turudie.