Je, Wajua? Sindano Inayofyonza Jibu

Namba ikishuka, sindano inanenepa
Sindano za kupimia uvimbe wa titi huhesabiwa kinyumenyume. Namba 14 ina unene wa milimita 2 hivi, namba 11 ni kama milimita 3, sawa na mrija wa wino ndani ya kalamu ya Bic, na namba 8 inapita milimita 4. Usitishike: titi hutiwa ganzi kwanza, na kidonda chake kwa kawaida hakishonwi.

Huingia mara moja, hutoka na mzigo
Sindano ya kawaida ya biopsi, yaani ya kutoa kipande cha nyama kikachunguzwe, hufyatuka kwa springi na kutoa kipande cha miligramu 17 hivi, na kila kipande kinataka mfyatuo wake. Ile ya kufyonza, iliyobuniwa na daktari Fred Burbank na mhandisi Mark Retchard na kuanza kutumika Marekani mwaka wa 1995, huingia mara moja tu. Pampu huivuta nyama ya titi kwenye kidirisha kilicho ubavuni mwa sindano, kisu kinachozunguka kinakata, kipande kinafyonzwa nje. Kisha kidirisha kinageuzwa upande mwingine, kazi inaendelea. Kwa namba 11, kipande kimoja hufika karibu miligramu 100!

Uzito huo si wa kujivunia bure. Kuna seli zilizoanza kuharibika ila hazijawa saratani. Katika tafiti za mwanzo, sindano ya springi ilipotoa jibu hilo, karibu nusu ya wanawake walikutwa na saratani walipopasuliwa. Kwa ile ya kufyonza, ilikuwa kama mmoja kwa watano. Mwanapatholojia, anayechunguza vipande hivyo, husoma alicholetewa, na hapa aliletewa cha kutosha.

Chembe zisizoshikika kwa mkono
Chembe za chokaa zilizo chini ya nusu milimita zinaweza kuwa dalili ya kwanza ya saratani, na mara nyingi ultrasaundi haizioni. Mamografia, yaani eksirei ya titi, huzipiga picha kutoka pembe mbili, kompyuta ikakokotoa zimejificha kina gani. Vipande vikitoka, navyo hupigwa eksirei hapo hapo: chembe zisipoonekana ndani yake, sindano huenda ikarudi kazini.

Kimbo iko kati ya hospitali mbili kubwa
Kutoka Kimbo, kando ya barabara ya Thika, matatu za upande mmoja zinakwenda Thika, iliko hospitali ya Thika Level 5; za upande wa pili zinashuka kuelekea Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoanza kupokea wagonjwa 2019. Nalisema hili kwa sababu saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi Kenya, hospitali haziko mbali, na uvimbe unaoonekana wazi kwa ultrasaundi kwa kawaida hauhitaji mashine ya kufyonza ya bei ghali. Sindano ya springi, mkononi mwa daktari mzoefu, inatosha.

Titani ndani ya titi
Doa dogo linaweza kufyonzwa lote likapotea kwenye picha. Ndiyo maana daktari huacha kialama cha titani cha milimita chache, ili daktari wa upasuaji, akihitajika, ajue pa kwenda. Kinaweza kukaa humo maisha yote.

Kipimo kinachogeuka tiba
Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Ule mgumu unaotelezateleza chini ya kidole, unaowapata sana wasichana, ukishathibitishwa kuwa salama na ukiwa mdogo, sindano hiyo hiyo ya kufyonza inaweza kuumaliza kipande kwa kipande, na msichana akarudi nyumbani siku hiyo hiyo.