Viatu viko Lubumbashi, mguu uko Mitwaba

LUBUMBASHI – Karatasi ilinifikia Jumatatu asubuhi, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki, mkononi mwa dereva wa kamyo aliyetoka Mitwaba. Juu yake kulichorwa mguu mmoja kwa bika ya buluu. Chini ya mchoro, mpwa wangu mwenye miaka 13 aliandika: "Mjomba, nataka viatu vya mpira vyenye meno marefu kama vya Mazembe." Ndani ya mkunjo, mama yake aliweka dola 40.

Dada yangu anauza unga wa mihogo sokoni. Najua dola 40 kwake ni siku ngapi za kukaa juani. Na kutoka Mitwaba hadi hapa ni zaidi ya kilomita 400 kwa njia ya Likasi; mvua ikinyesha, kamyo inaweza kulala njiani siku nyingi. Kiatu kisipoenea, hakuna kukirudisha dukani kesho yake. Ilinibidi nichague vizuri mara moja, tena kwa mguu usiokuwepo.

Sita ya wapi?

Nilianzia katika duka kubwa la viatu vya michezo, katikati ya mji, ndani ya jengo la biashara. Ni duka la kampuni yenye matawi katika inchi nyingine za kusini mwa Afrika. Ndani kuna ubaridi, viatu vimepangwa ukutani toka chini hadi juu, na kila kimoja kimebandikwa bei. Pale hakuna kusema "unipunguzie kidogo".

Kijana muuzaji aliniuliza: "Yaya, mtoto anavaa numero ngapi?" Nikamwonyesha karatasi. Hakucheka. Alitoa rula, akapima mchoro: sentimita 24. Akaniletea kiatu kilichoandikwa 6.

Hapo ndipo wazazi wengi wanapotea. Sisi Congo tumezoea numero za Kifaransa: 38, 39, 40. Lakini viatu vingi vinavyopita mpaka wa Kasumbalesa, vikitoka Zambia na Afrika Kusini, vina numero za Uingereza. Vingine vina za Marekani. Sita ya Uingereza inakaribia 39 yetu, sita ya Marekani inakaribia 38. Anayesoma tarakimu moja tu anaweza kukosea numero nzima.

Muuzaji aligeuza ulimi wa kiatu na kunionyesha lebo ndogo iliyoshonwa ndani. Viatu vya kampuni kubwa mara nyingi huandikwa hapo numero za inchi mbalimbali, moja kando ya nyingine. Kama kuna mstari wa sentimita, huo ndio wa kutafuta kwanza, sababu sentimita haibadiliki ukivuka mpaka.

Iko pia hesabu ambayo kila mama anaweza kufanya nyumbani. Kila numero ya Kifaransa ni theluthi mbili za sentimita. Pima urefu wa mguu, ongeza sentimita 1,5 ili vidole vipumue, kisha zidisha kwa 1,5. Mguu wa 24 unakuwa 25,5. Ukizidisha, unapata 38 na kidogo.

Simu ya jioni

Nilikuwa karibu kulipia 38, lakini roho haikutulia. Nikatoka nje, nikapigia dada simu. Mtandao ulikatika mara mbili kabla ya sauti yake kusikika vizuri.

"Alichora akiwa amesimama ao amekaa?"

"Alikaa kwenye kiti, karatasi iko chini."

Mguu ukibeba uzito wa mwili, unatanuka. Na baada ya kutembea mchana kutwa, unavimba kidogo. Ndiyo maana inashauriwa kujaribu viatu jioni, kwa miguu yote miwili, umesimama. Nikamwomba dada amsimamishe mtoto jioni ile, kisigino kiguse ukuta, apime kushoto na kulia, kisha achukue mguu ulio mrefu zaidi.

Saa moja ya usiku alinipigia. Kushoto 24, kulia 24,5. Nikarudia hesabu: 26 mara 1,5 ni 39. Kama ningefuata karatasi, mtoto angekunja vidole kila mechi.

Meno marefu ni ya nani?

Ilibaki habari ya meno. Mpwa wangu hakuwa amezaliwa wakati TP Mazembe ilipocheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu na Inter Milan, mwezi wa Desemba 2010, ikiwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Lakini video za Kidiaba akirukaruka kwa makalio anazijua zote. Anachotaka ni kufanana nao.

Tatizo ni uwanja. Mazembe wanachezea majani ya bandia pale Kamalondo. Mpwa wangu anachezea udongo mwekundu ambao wakati wa kiangazi unakuwa mgumu kama sakafu. Meno marefu yameundwa ili yazame kwenye majani. Kwenye udongo mgumu hayazami: uzito wote unakaa juu ya ncha chache, unyayo unauma, na kifundo cha mguu kinaweza kuteguka. Pale panafaa meno mafupi ya mpira, mengi, yaliyosambaa chini ya kiatu kizima.

Dukani viatu vya aina hiyo, numero 39, vilikuwa dola 55. Mshahara wa mwandishi wa habari haukuniruhusu kujifanya tajiri. Kesho yake nikaenda soko la Kenya, kwenye viatu vilivyokwisha kuvaliwa Ulaya.

Jozi ya kwanza ilikuwa nzuri sana kwa macho. Nilipobonyeza soli kwa kidole gumba, ilimeguka kama mkate mkavu. "Yaya, hiyo ni vumbi tu," muuzaji akasema. Haikuwa vumbi. Soli za aina fulani zikikaa miaka mingi zinanyonya unyevu wa hewa na kuoza polepole, hata kama kiatu hakijavaliwa kabisa. Kwa hiyo usidanganywe na rangi inayong'aa: bonyeza soli, kunja kiatu uone kama kinajikunja pale vidole vinapojikunja, halafu angalia kama ncha imeshonwa ao imegundishwa tu.

Jozi ya nne ilipita mitihani yote. Meno mafupi, 39, kisigino bado kimesimama. Aliniambia dola 35. Tukabishana, nikaondoka, akaniita, tukakubaliana 25. Soksi niliongeza mwenyewe. Dola 15 zilizobaki nilizirudisha kwa dada, kwa dereva yuleyule.

Viatu vilifika baada ya siku sita. Jumapili simu ikalia.

"Mjomba, vinanienea."

Akanyamaza kidogo.

"Lakini meno ni mafupi."

Nikamwambia akimbie navyo kwanza, tutaongea baadaye. Mama yake alipochukua simu, alisema ameviweka kando ya mkeka na hataki wadogo zake waviguse. Anangoja siku ya mechi.

Karatasi sikuitupa. Kando ya mchoro wa buluu nimeandika tarehe na 24,5. Kwa miaka 13 mguu haungoji mtu. Mwaka kesho tutapima tena, akiwa amesimama.