KILWA KISIWANI: MJI ULIOLINDWA NA MAJI

Mkazi wa Pangani, Kibaha, au ndugu yake wa Kisarawe, akitaka kuwaonyesha watoto wake magofu ya kale, kwa kawaida huelekea Kaole, karibu na Bagamoyo, akarejea nyumbani siku hiyo hiyo. Ni safari njema. Lakini anayetaka kuona mji mzima wa enzi za masultani, wenye husuni, kasri, misikiti na kuta, hana budi kutenga siku mbili tatu, ashike Barabara ya Kilwa, avuke Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, apite Nangurukuru na kuteremka Kilwa Masoko. Hapo achukue kibali, kisha apande mashua. Kisiwa huonekana ng'ambo ya maji.

Maji hayo yana habari yake. Tarikhi ya kale ya Kilwa inasimulia kuwa Ali bin al-Hasan, mtu wa Shirazi, alikinunua kisiwa kwa nguo kutoka kwa mtawala aliyekikalia. Siku hizo, bahari ikipwa, watu walivuka kwa miguu kutoka bara. Muuzaji alikwenda bara akinuia kurudi kumnyang'anya mnunuzi. Huku nyuma mkondo ukachimbwa, na aliporudi alikuta bahari imejaa. Wanahistoria wana maswali mengi juu ya masimulizi hayo. Hata hivyo yanatuonyesha jinsi watu wa Kilwa wenyewe walivyouelewa ulinzi wao: boma lao la kwanza lilikuwa bahari.

Boma la pili lilikuwa biashara. Dhahabu ya bara la kusini ilipitia Sofala, katika Msumbiji ya leo, na Kilwa ikaishika njia hiyo. Pembe za ndovu zilitoka; vitambaa na vyombo vya kaure vya Uchina viliingia. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba, na moja yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na pwani. Ni Sultani huyo aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, naye akamsifu kwa ukarimu wake.

Kasri lake, Husuni Kubwa, limejengwa juu ya jabali linalotazama bahari. Jina lina maana ya ngome, bali ndani ni starehe tupu: vyumba zaidi ya 100, nyua za kupokelea wageni, na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Husuni Ndogo iliyo jirani, yenye kuta nene na minara, ndiyo hasa inayofanana na ngome.

Mgeni asiharakishe kwenye Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11 na 12. Ya kusini iliongezwa karne ya 14, ikaanguka, ikajengwa upya karne ya 15, na kuba zake kadhaa zingali juu ya nguzo. Mafundi walikata matumbawe baharini yangali laini, wakayachonga kabla hayajakauka na kuwa magumu. Chokaa waliipata kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuri la kuni. Katika nyumba za mji utaona vyumba virefu lakini vyembamba. Sababu si uhaba wa nafasi: dari ilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti.

Utajiri uliwavuta na wasiotakiwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika na mizinga akatoza kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilitumika kutengeneza chombo cha kanisani, Custódia de Belém, kilichokamilika mwaka 1506 na ambacho kimo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon hadi leo. Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji na kujenga ngome ufukweni, wakaihama mwaka 1512. Juu ya mabaki yake Waomani walijenga ngome iitwayo Gereza, neno litokanalo na Kireno, lenye asili ya maana ya kanisa! Katikati ya matukio hayo ipo habari chungu: mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Kuta za kasri la Makutani zilizidishwa katika karne hiyo hiyo ya 18.

Leo adui ni yule mlinzi wa kwanza. Mawimbi yamekula ufuko, na sehemu ya Gereza imekwisha kuporomoka. UNESCO, iliyouingiza mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, iliuweka katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ukaondolewa mwaka 2014 baada ya kuta kukarabatiwa na ufuko kukingwa. Mkoko unaokatwa kwa kuni hapo ni jiwe linalotolewa katika msingi wa ngome.

Mwenye siku ya ziada aende na Songo Mnara, kusini yake, mji wa karne ya 14 hadi ya 16 uliozungushiwa ukuta. Avae viatu asivyovionea huruma. Njia ya kutoka mashuani hupita katika matope ya mikoko.