Korosho ya Newala na Mnunuzi wa Ng'ambo

Tangu Oktoba 2024 minada ya korosho ghafi imekuwa ikiendeshwa kwa njia ya mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mkulima wa Chilangala hupeleka magunia yake katika chama cha msingi, mzigo ukapokewa ghalani kwa stakabadhi, nao wanunuzi, ambao shehena zao nyingi huishia India na Vietnam, hushindana kwa bei. Mkulima huyo hana haja ya kumsaka mnunuzi wa nje. Anayempigia simu akitaka korosho ghafi pembeni kwa "bei ya Ulaya" anamwita kwenye kangomba ileile ya zamani, ila safari hii imevaa suti.

Kwa kikundi kinachobangua, hali ni nyingine. Hapo simu yaweza kuwa duka halisi, mradi tangazo liseme yale ambayo mnunuzi huyauliza. Yeye hutaka daraja: W320, kwa mfano, ni korosho nyeupe nzima zipatazo 300 hadi 320 katika ratili moja, yaani takribani gramu 454. Hutaka pia kiwango cha unyevu, tarehe ya ubanguaji na uzito wa kila kifungashio. Picha nzuri bila maelezo hayo huvutia wapita njia tu. Alama ya ubora ya TBS na cheti cha uasilia kutoka TCCIA vishughulikiwe mapema, kabla ya kuahidi tarehe ya kusafirisha.

Hasara kubwa hutokea kwenye malipo. Picha ya hati ya benki iliyotumwa kwa WhatsApp si fedha; mzigo usitoke ghalani mpaka benki yako mwenyewe ithibitishe kuwa fedha zimeingia. Mnunuzi anayekutaka utangulize "ada ya forodha" ili akulipe, achana naye. Kwa mteja mpya, anza na kilo chache.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua mikataba iliyofungwa kielektroniki. Kwa hiyo usifute mazungumzo ya bei, kiasi na tarehe. Yanakiliwe pia nje ya simu, kwani simu hupotea. Ujumbe wa kitapeli kutoka namba ya hapa nchini, hata wa anayejiita wakala wa mnunuzi wa nje, utumwe kwenda 15040.